Jina la Kabila na Mabishano ya Asili: Wamakua na Wamakonde, Nyumbani na Ugenini

Kusini ya Tanzania, katika nchi iliyo baina ya mto Lukuledi na mto Ruvuma, swali la kabila la mtu ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa. Lupaso, kijiji cha wilaya ya Masasi kilichopata kujulikana na wengi kwa kuwa ndiko nyumbani kwa Rais Benjamin Mkapa, aliyezikwa huko mwezi wa Julai 2020, ni kimoja katika vijiji vya nchi hiyo ambamo Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera ni majirani na wakwe kwa wakwe. Jina la kijiji hicho lenyewe limekwisha kusafiri: baada ya uwanja mkubwa wa mpira wa Dar es Salaam kuitwa kwa jina la Mkapa mwaka huo huo, wapenzi wa mchezo walianza kusema kwamba mechi inachezwa "Lupaso", na vijana wasiopata kufika Masasi hulitaja jina hilo kila juma. Ni jambo dogo, walakini laonyesha vizuri namna jina liwezavyo kung'oka mahali pake na kuota penginepo kwa maana nyingine. Yaliyoyapata majina ya makabila ya upande huo ni makubwa zaidi, kwa sababu katika baadhi ya nchi jina la kabila limeamua mtu akae wapi, asome wapi, na kama ni raia au si raia.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kidachi, Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa miezi kadhaa Masasi, Chingulungulu na Newala, akiwa na mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za sinema, vyombo ambavyo wakati huo vilikuwa vigeni hata Ulaya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Alice Werner ikatoka mwaka uliofuata. Aliyoyakuta hayakuwa makabila yaliyopangwa kama vitabu katika rafu, kila moja na mipaka yake. Alikuta vijiji vilivyochanganyika, watu waliokimbia vita vya Wangoni na misafara ya watumwa, wenye lugha mbili au tatu, na majumbe waliokuwa na raia wa kila asili. Hali hiyo haikuanza kwa Wadachi wala haikwisha nao.

Hata hivyo kila kabila lina habari ya chimbuko lake, na habari hizo hazifanani. Wamakua huutaja mlima wa Namuli, ulio mbali sana kusini, katika jimbo la Zambézia nchini Msumbiji, kuwa ndiko walikotoka watu wa kwanza. Wayao hukitaja kilima kiitwacho Yao, mashariki ya ziwa Nyasa. Habari hiyo iliandikwa kwa Kiyao na padre Yohanna Abdallah wa misheni ya Unangu, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1919. Wamakonde hawana mlima. Habari yao iliyoandikwa wakati wa Wadachi yasema kwamba mtu wa kwanza alitoka katika kichaka karibu na Mahuta, hakuwa akioga wala kunyoa, naye akachonga sanamu ya mti ambayo usiku iligeuka mwanamke. Watoto wao wa kwanza walizaliwa wafu huko mabondeni penye maji. Aliyezaliwa juu, uwandani, ndiye aliyeishi.

Si vigumu kuona kwa nini watu wanaokaa juu ya uwanda usio na mito, ambao wanawake wake walikuwa wakishuka magenge marefu kwenda kuteka maji, waliithamini habari hiyo. Yawaeleza kwamba shida yao ya maji ni gharama ya uhai. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha lililo muhimu zaidi ni neno lenyewe. Makonde, katika maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni wingi wa likonde, yaani nchi ya vichaka vinene ifaayo kufyekwa na kulimwa. Basi Mmakonde kwa asili ya neno ni mtu wa mahali pa namna fulani. Aliyehama kutoka ng'ambo ya Ruvuma, akapanda uwandani kuwakimbia wateka watumwa, akafyeka kichaka na kuoa huko, aliweza kuwa Mmakonde, na watoto wake wakawa Wamakonde bila shaka yoyote. Jina lilikuwa likipokea watu.

Ng'ambo ya pili ya mto, juu ya uwanda wa Mueda, wako Wamakonde wengine. Lugha zao ni ndugu, ila zimeachana kiasi cha kutambulikana upesi: wa Newala husema Chimakonde, wa Mueda husema Shimakonde, na tofauti hiyo ya kiambishi yatosha kumfanya msikilizaji ajue msemaji ametoka upande gani. Waandishi wa karne ya 19 waliwaita wale wa kusini Wamavia au Wamawia, na jina hilo likatumika Tanganyika kwa wahamiaji waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya katani. Wenyewe hawakulipenda, kwa kuwa limebeba maana ya watu wakali na wajinga. Wao hujiita Wamakonde. Hapa pana mabishano ya kwanza, na wala hayahitaji bahari kuyatenga: nani mwenye haki ya jina? Wa Newala wanaweza kusema kwamba jina ni la uwanda wao. Wa Mueda wanaweza kujibu kwamba uwanda wao nao ni makonde, na kwamba desturi za kale, kama kuchanja uso na kuvaa ndonya, zilidumu kwao muda mrefu zaidi. Kila upande una hoja, na hoja zote mbili zinasimama juu ya neno lile lile.

Kuhusu Wamakua mambo yana utata wa namna nyingine. Lugha yao haichanganyiki na za jirani zake. Mahali ambapo Myao husema mundu na Mmakonde husema munu, Mmakua husema mutthu; sauti za ving'ong'o zilizotangulia konsonanti zimepotea, na mahali pake pamebaki konsonanti zisizo na ghuna, nyingine zikitamkwa kwa pumzi na nyingine bila pumzi. Mtu aliyezoea Kiswahili huweza kubahatisha maana ya maneno mengi ya Kiyao. Kimakua humtupa mbali. Lakini jina la watu wenyewe haliko imara kama lugha yao. Katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji wako wasemao Kimakua ambao, kwa kuwa ni Waislamu wa mwambao, hawakutaka kuitwa Wamakua. Hilo kwao lilikuwa jina la watu wa bara, nao walijiita Wamaka au Wanahara. Kwa hiyo jina lilitegemea msemaji amesimama wapi na anatazama wapi: wa pwani alimwona wa bara kuwa Mmakua, na mgeni aliyefika kwa jahazi aliwaona wote wawili kuwa Wamakua.

Jambo lililomfunga mtu zaidi kuliko jina la kabila, katika nchi hii yote, ni ukoo wa upande wa mama. Wamakua huuita nihimo, Wamakonde litawa, Wayao lukosyo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye usemi. Mateka na watu waliokombolewa waliingizwa katika koo hizo, na baada ya vizazi viwili haikuwa adabu kuuliza mwanzo wao. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana ndilo lililopotea kwanza watu walipopelekwa ng'ambo. Mwanamume aliyeuzwa Kilwa au Kisiwa cha Msumbiji aliweza kubaki na lugha yake miaka arobaini, lakini hakuweza kuwapa watoto wake ukoo, kwani hakuwa yeye mwenye kuutoa.

Majina yaliyowapokea watu ugenini yalitengenezwa bandarini. Jambo hili halikuwapata watu wa Ruvuma peke yao. Katika Afrika ya Magharibi jina la Yoruba lilikuwa kwanza jina walilopewa watu wa Oyo na majirani wao wa kaskazini. Lilienezwa kwa watu wote wa lugha hiyo katika karne ya 19, hasa kwa kazi ya Samuel Ajayi Crowther, mtumwa aliyekombolewa akawa askofu, na wamisheni wenziwe. Kabla ya hapo watu hao hao waliitwa Aku huko Sierra Leone, Lucumí huko Kuba, na Nagô huko Brazili. Kuhusu Waigbo, mtaalamu S. W. Koelle alieleza katika kitabu chake cha lugha za Afrika cha mwaka 1854 kwamba walioitwa hivyo Freetown walimwambia hawakupata kulisikia jina hilo mpaka walipofika huko. Leo wajukuu wa watu waliovukishwa Atlantiki hubishana vikali nani ni Myoruba na nani ni Mwigbo, desturi gani ni ya nani, na mtu fulani mashuhuri alizaliwa wapi. Hata Olaudah Equiano, aliyeandika mwaka 1789 kwamba alizaliwa katika nchi ya Waigbo, ametiliwa shaka na mtaalamu Vincent Carretta, kwa sababu hati ya ubatizo wake ya mwaka 1759 yasema alizaliwa Carolina. Wanaobishana hivyo aghalabu huyachukulia majina hayo kuwa ya kale kama milima. Ushahidi waonyesha kwamba yalikua safarini.

Kitabu hicho cha Koelle kina faida nyingine, ambayo wanafunzi wa lugha za Afrika ya Mashariki hawajaitumia vya kutosha. Miongoni mwa watu waliokombolewa aliowauliza Freetown walikuwamo waliotoka upande huu wa bara. Aliandika maneno ya lugha aliyoiita Meto na nyingine aliyoiita Matatan, ambazo zote ni za jamii ya Kimakua. Na Kiyao alikiandika kwa jina la Muntu. Bila shaka aliyeulizwa alijibu kwamba yeye ni mtu, na jibu hilo likawekwa kitabuni kuwa jina la taifa. Ama Meto si lugha iliyopotea. Ndiyo Imeetto, inayosemwa hata leo kaskazini ya Msumbiji, na ndiyo namna ya Kimakua isikikayo Masasi.

Waliovukishwa kwenda Bukini walipata majina mawili. Watawala wa Imerina waliwaita Masombika, yaani watu wa Msumbiji, na kwa jina hilo waliachwa huru kwa amri ya Malkia Ranavalona wa Pili mwaka 1877. Katika pwani ya magharibi ya kisiwa hicho wazao wao hujulikana zaidi kwa jina la Makoa. Si wote waliokuwa Wamakua kwa asili. Jina lilimeza Wayao, Wamakonde na wengineo. Kimakua kiliendelea kusemwa huko mpaka ndani ya karne ya 20, na mabaki yake yalikusanywa na mtaalamu wa Kifaransa Noël Gueunier. Kwa hao, Makoa imekuwa jina la kabila katika nchi ya Bukini, lenye sifa zake na desturi zake, na si tena habari ya kwamba mtu ametoka ng'ambo.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Durban. Tarehe 4 Agosti 1873, miezi miwili baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, manowari ya Kiingereza Briton iliwashusha katika bandari ya Natal watu 113 waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wengine waliletwa baada yao mpaka mwaka 1880, jumla yao ikapita watu 500. Serikali ya Natal ilikuwa na haja ya wafanya kazi, nao wakaandikishwa kwa mikataba ya miaka mitano. Wengi wao walikuwa Wamakua. Walioshika Uislamu walikuja kukaa mahali paitwapo King's Rest, nje ya mji, katika ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wa Juma wa Durban. Wengine wakawa Wakatoliki. Wote kwa pamoja waliitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao walikuwa hawajapata kukaa Zanzibar, na wengine hawakuiona kabisa.

Kwa miaka mingi jina hilo halikuwa na uzito mkubwa. Uzito ulikuja baada ya mwaka 1948, Serikali ya Makaburu ilipoanza kuwagawa watu wote wa nchi kwa rangi na kuwapangia mahali pa kukaa. Wazanzibari wa Durban walikuwa weusi, na kwa hiyo mwanzoni walihesabiwa pamoja na Waafrika. Wao walipinga: walikuwa Waislamu, walisema, na asili yao ilikuwa katika milki ya Sultani wa Kiarabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliwekwa katika fungu la "Waasia wengine", wakaondolewa King's Rest na kuhamishiwa Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Wahindi. Huko walipata shule na nyumba ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kuzipata. Nyumbani kwao waliendelea kusema Kimakua.

Haifai kulicheka jambo hili. Watu waliokuwa wakisema lugha ya Kibantu iliyo safi kuliko ile ya miji mingi ya mwambao walithibitishwa na sheria kuwa Waasia, na uthibitisho huo uliwaokoa katika mateso makubwa. Jina la Zanzibar lilikuwa ngao. Kumwambia mzee wa Chatsworth wakati ule kwamba yeye "kwa kweli" ni Mmakua wa Msumbiji kungekuwa kumpokonya nyumba yake. Mtaalamu anayefika baadaye na daftari lake, akasahihisha majina ya watu kwa sababu ushahidi wa lugha waelekea upande mwingine, yapasa ajue kwamba anashika kitu chenye makali.

Baada ya mwaka 1994 ngao hiyo haikuhitajika tena, na hapo mabishano yakahamia ndani ya jamaa wenyewe. Wako wanaoshikilia Uzanzibari kwa kuwa ndio jina walilozaliwa nalo na lililowakinga. Wako waliotafuta ndugu zao kaskazini ya Msumbiji, wakajiita Wamakua waziwazi. Wako waonao kwamba Uislamu watosha kuwa asili, na kwamba kuzifuata desturi za unyago na mizimu ni kurudi nyuma. Utafiti wa Preben Kaarsholm na wa mwanaisimu Rajend Mesthrie umeonyesha jinsi mambo hayo matatu yanavyosukumana, na jinsi lugha yenyewe inavyopungukiwa na vijana wa kuisema, kwa kuwa Kiingereza na Kizulu vimeizunguka. Yawezekana jina la Mmakua likashinda huko Durban katika kizazi kile kile ambacho Kimakua kitanyamaza.

Kinyume cha Durban ni Masasi yenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyekitungia Kiswahili sarufi, aliondoka Zanzibar na watu wapatao 55 waliokombolewa, akinuia kuwarudisha katika nchi zao karibu na ziwa Nyasa. Hawakufika. Walipoona Masasi ni nchi nzuri na wapagazi wamechoka, walikaa hapo, na mji wa misheni ukaanza. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Wamagwangwara, waliuvamia na kuwachukua baadhi yao. Waliosalia wakaanza tena. Watu hao walikuwa wa asili mbalimbali na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Unguja. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa angali mtoto na kulelewa Zanzibar, alifanya kazi Chitangali, katika nchi hiyo hiyo, miongoni mwa Wayao, naye mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Wazao wa watu waliofika na Steere hawakuwa kabila jipya kama Makoa wa Bukini, wala fungu la watu kama Wazanzibari wa Durban. Waliolewa na kuoa, wakaingia katika koo za mama, wakayeyuka. Sababu si kwamba walikuwa watu wa namna nyingine. Sababu ni kwamba nyumbani nihimo na litawa zilikuwapo kuwapokea, na hapakuwa na sheria iliyowataka wajitaje.

Sheria ndiyo inayotofautisha nchi na nchi. Tanzania haijauliza kabila la mtu katika hesabu ya watu tangu ile ya mwaka 1967, na Masasi mzaha juu ya asili ya mtu huishia katika utani. Kenya mambo yamekuwa tofauti, na waliopata taabu ni Wamakonde. Tangu miaka ya 1930 wafanya kazi wa Kimakonde, wengi wao kutoka Msumbiji na wengine kutoka Tanganyika, walichukuliwa kwenda kwenye mashamba ya katani na ya miwa ya pwani ya Kenya, hasa upande wa Kwale. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 hao walikuwa wamekwisha kuzaa watoto huko. Lakini kitambulisho cha taifa kilimtaka mtu ataje kabila, na katika orodha ya makabila yaliyotambuliwa Wamakonde hawakuwamo. Asiye na kitambulisho hakuweza kufungua akaunti ya benki, wala kuandikishwa kazini, wala kununua shamba, wala kupiga kura. Wengine walijiandikisha kwa majina ya Wadigo, majirani wao, yaani walipata uraia kwa kuikana asili yao.

Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, na kuamuru waandikishwe kabla ya mwaka kwisha. Mapema mwaka 2017 walipewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa mwambao huo huo walitambuliwa vile vile mwaka 2023, ijapokuwa Pemba ni jina la kisiwa, na watu wa Pemba kwao hawakuzoea kujihesabu kabila. Hapa mtu aweza kuona jinsi Serikali inavyoweza kutunga kabila kwa kalamu, kwa nia njema kabisa. Mmakonde wa Makongeni katika Kwale sasa ni Mkenya kwa sababu ni Mmakonde; babu yake alinyimwa Ukenya kwa sababu hiyo hiyo.

Pamoja na haki za watu yako mabishano ya haki juu ya vitu. Vinyago vya mpingo vinavyouzwa duniani kote kwa jina la Makonde vina umri mfupi kuliko wanunuzi wanavyodhani. Kuchonga ni desturi ya kale pande zote mbili za Ruvuma, kwa ajili ya jando na unyago, vinyago vya kuvaa usoni, na vyombo vya nyumbani. Lakini sanamu za mashetani na zile za watu waliopandana, ziitwazo ujamaa, zilianza Tanganyika katika miaka ya 1950, mikononi mwa wachongaji waliotoka Msumbiji. Samaki Likankoa hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha namna ya shetani, na Yakobo Sangwani namna ya ujamaa. Mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam aliwanunulia na kuwatia moyo. Basi sanaa hiyo ni ya nani? Ya Msumbiji, kwa kuwa wachongaji walizaliwa huko. Au ya Tanzania, kwa kuwa huko ndiko ilikozaliwa sanaa yenyewe, na neno ujamaa halikupatikana Mueda? Mabishano haya hurudi kila panapofanyika maonyesho. Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba ilizaliwa na kuhama, na kwamba laiti wachongaji hao wangebaki kwao isingekuwapo. Lakini jibu la namna hiyo halina pa kuandikwa katika kadi ya makumbusho, ambayo hutaka nchi moja.

Kuna na kisa cha kinyago cha uso, cha wale wachezao midimu. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam na kuchukua vitu kadhaa, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa mjini Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 kilitambuliwa, na Tanzania ikadai chake. Mazungumzo yalichukua miaka 20. Tarehe 10 Mei 2010 kinyago kilikabidhiwa, lakini hati iliyotiwa sahihi ilikiita zawadi ya jumba lile kwa Tanzania. Mwizi hakutajwa kuwa mwizi, na mali iliyorudi kwa mwenyewe iliandikwa kuwa hisani. Kwa watu wa lugha, hilo ndilo fundisho lililo wazi kuliko yote katika habari hizi zote, kwa maana hapo hakuna aliyebisha juu ya kitu, wala juu ya mahali kilipotoka. Yote yalikuwa juu ya neno moja.

Siku hizi wako wanaotafuta asili yao kwa kupima mate au damu. Kipimo hicho hulinganisha chembe za mtu na chembe za watu waliokwisha kupimwa, na jibu lake haliwezi kuwa bora kuliko orodha ya hao waliopimwa. Kinaweza kuonyesha kwamba mama wa mama wa mama wa mtu alitoka upande wa Afrika ya Mashariki, na ni jambo la kustaajabisha kwamba mstari huo wa mama, ambao wataalamu wa Ulaya wameugundua juzi, ndio ule ule unaofuatwa na nihimo. Walakini kipimo hakiwezi kumtenga Mmakua na Mmakonde wa Masasi waliooana vizazi kumi, wala hakijui mateka aliyepewa ukoo. Anayetaka kutoka humo na jina moja la kabila la kumpigia mwenziwe vita atakuwa amekipa kipimo kazi isiyo yake.

Lugha nayo ina mipaka yake, lakini huacha alama ambazo jina haliziachi. Maneno ya Meto aliyoyaandika Koelle huko Freetown, maneno ya Kimakua yaliyokusanywa Bukini, na usemi wa wazee wa Chatsworth, ambao hufanana zaidi na ule wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, havijawekwa bado ukurasa mmoja na Imeetto ya Masasi, sauti kwa sauti. Kazi hiyo yahitaji mtu aliyezaliwa na Kimakua, mwenye sikio la kutenganisha konsonanti zenye pumzi na zisizo na pumzi, maana waandishi wa kale hawakuzitenganisha sawasawa. Katika Masasi watu wa namna hiyo bado wako. Chatsworth wanapungua mwaka hata mwaka, na waliojifunza lugha hiyo magotini kwa bibi zao huko King's Rest, kabla ya kuhamishwa, sasa ni wazee waliopita miaka sitini.